Songa Kidogo Nikuone

Mke wa kaka yangu alinirushia nyanya. Hakusema "daka", hakusema "shika". Nilikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki mlangoni mwao hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, nikimenya vitunguu kwa kupapasa, naye akiwa pale anapopikia akaitupa ikaja usoni mwangu moja kwa moja. Mkono wangu uliinuka wenyewe ukaidaka.

"Unaona?" akasema. Hakuwa anacheka. "Kipofu gani anadaka nyanya?"

"Sijawahi kusema mimi ni kipofu."

"Ulisema huoni."

"Nilisema sioni kitu kimekaaje. Kikitembea nakiona."

"Haya, sasa haitembei. Hiyo uko nayo ni nini?"

Nikaiangalia. Kitu chekundu, kinang'aa upande mmoja. Kwa macho ingeweza kuwa kifuniko cha chupa, ingeweza kuwa kitambaa. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeishika, na vidole vilijua. Nikasema ni nyanya. Akapiga makofi kama mtu aliyenifumania nikiiba.

"Wacha kucheza na sisi, wifi," akasema. "Kula chakula yetu tu, lakini usitucheze."

Nimeanza na hiyo nyanya kwa sababu watu wakikutana na mimi wanataka nianze na msiba. Msiba nitausema, hautachukua muda. Kilichonimaliza nguvu miaka hii ni kuitwa mwongo na watu ninaowapikia. Na nilikuwa nataka kitu kimoja tu: meza yangu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kule Kisumu Ndogo, Kibera, irudi mikononi mwangu. Hiyo meza niliijenga na mume wangu kwa mbao za kreti, nikakaa nyuma yake tangu nikiwa msichana wa juzi juzi hadi nikaota mvi. Mtu mwenye meza yake hakai mlangoni pa kaka yake akimenya vitunguu vya mke wa mtu.

Anayenichapia haya ameniambia nisitaje majina. Sawa. Walionikosea nitawataja kwa kazi zao, na wenyewe watajijua.

Wa kwanza ni mwenye nyumba. Tulikuwa tunakaa Mashimoni, hapo hapo Kibera, chumba kimoja, ukuta wa udongo uliopakwa simiti na paa la mabati. Kati ya ukuta na paa palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Hewa iliingia hapo. Baridi pia, lakini hewa. Mwenye nyumba akaja na fundi akaziba vyumba vyote, ati plot ionekane ya kisasa. Dirisha hatukuwa nalo. Nilimuuliza fundi sasa tutapumua wapi, akaniambia, "Mama, mlango si upo?"

Wa pili ni keateka, yule msimamizi wa plot. Huyo alipaka korido rangi ya krimu, na kuanzia hapo korido ikawa yake na rangi yake. Sisi wote tulikuwa tunapikia koridoni. Akapita mlango kwa mlango: jiko zote ndani.

"Ndani tutakohoa," nikamwambia.

"Makaa ikishawaka vizuri haina moshi. Sitaki masizi kwa ukuta yangu."

"Na ile hewa yake?"

"Weka karai ya maji kando ya jiko. Maji inameza hiyo hewa. Kwani wewe hujui?"

Nilijua. Sisi wote pale tulijua hivyo. Mama zetu walituambia, na majirani wakaambiana. Kila chumba kwenye ile plot kilikuwa na karai ya maji kando ya jiko, na kila mtu aliamini karai hiyo inamlinda. Maji hayamezi kitu. Siku hizi nikiingia kwa nyumba ya mtu Julai, wakati wa baridi, nikakuta karai kando ya jiko la makaa, naimwaga hapo sakafuni, kisha nafungua mlango. Wananiona mwendawazimu. Wanione.

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya kanisa, mvua na baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimebandika maharagwe na mahindi. Hayo unajua yanavyochelewa. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia kutoka koridoni, mume wangu akafunga mlango akasukuma gunia chini yake. Akajilaza upande wa ukuta, akaniambia yakiiva nimwamshe. Nami nikajiegemeza kidogo. Kichwa kilikuwa kinauma, nikafikiri ni njaa.

Fundi wa viatu wa mlango wa pili alisikia harufu ya maharagwe yanaungua, akagonga, akavunja. Hewa yenyewe ya makaa haina harufu. Ni chungu cha maharagwe kilichoniokoa. Mimi nilitolewa nikiwa bado napumua. Mume wangu hakuwa anapumua. Nilipozinduka vizuri hospitalini, walikuwa wameshampeleka kwetu magharibi wakamzika. Sikuliona kaburi likiwa jipya. Nimelishika tu baadaye, limeota nyasi.

Huo ndio msiba. Sasa nirudi kwa macho.

Nilifungua macho nikaona rangi. Nyeupe, kijani, nyeupe tena, na mahali pengine pana mikunjo mikunjo kama shuka. Rangi zilikuwa wazi kabisa, hazikuwa na ukungu. Lakini hazikushikana kuwa kitu. Halafu sehemu moja ya ile nyeupe ikaanza kuja, ikiyumba kushoto na kulia, na hapo hapo nikaona mtu! Mtu mzima, mwanamke, anatembea, ana haraka. Akafika kitandani akasimama. Akapotea. Nikabaki naangalia nyeupe kwenye nyeupe, na sauti inatoka humo inaniuliza nimeamkaje.

Nikapiga kelele. Ungekuwa wewe ungenyamaza?

Walinipeleka kwa mtu wa macho. Huyo ni wa tatu. Alinimulika na tochi, macho yote mawili, akavuta kope juu na chini. "Mama, macho yako ni mazuri kuliko yangu." Nikamwambia sijui yeye amekaa au amesimama. Akasema ni mawazo, ni sababu ya kufiwa, nikishalia vya kutosha yataisha. Nililia vya kutosha. Hayakuisha. Wakati natoka, mkono wangu ulienda kwenye kitasa cha mlango ukakishika sawasawa, na nikamsikia akimwambia mwenzake, "Umeona hiyo? Na eti haoni."

Hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Mkono wangu unajua. Ukiweka kikombe mbele yangu ukaniuliza ni nini, nitasema kitu cha bluu. Ukiniambia chukua chai unywe, mkono unaenda, vidole vinajifungua kipimo cha mkono wa kikombe, vinashika. Nikiufikiria mkono, nakosa. Nikiuacha, unafika. Natembea Kawangware mzima bila kujigonga, naruka mitaro, napita katikati ya mikokoteni. Kisha nafika kwa jirani namsalimia koti lililoanikwa.

Watu wanaelewa mtu asiyeona. Wanamshika mkono wanamvusha. Wanaelewa na mtu anayeona. Mtu aliye hapo katikati hawamtaki, ni kama anawaharibia hesabu.

Kaka yangu ndiye alinichukua. Yeye anatupa mguu wa kushoto akitembea, tangu utotoni, alianguka kwa mti. Zamani nilikuwa namwonea huruma kwa huo mguu, sasa ndio ninaomjua nao. Kutoka mbali, barabara imejaa watu wa kutoka kazini, mguu mmoja unatupwa hivi, nasema kaka yangu huyo. Nilikuwa namwambia mke wake, "Bwana yako anakuja, epua chai." Siku moja akasema, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha. Lakini kaka akapigiwa simu akasimama kando ya barabara kuongea. Akafutika.

"Yuko wapi sasa?" akaniuliza.

"Sijui. Ameenda."

"Ameenda wapi na amesimama pale pale? Anakuangalia! Anakupungia... aah, sasa hivi ameshusha mkono."

"Huo mkono niliuona."

"Uliona mkono, mwenye mkono hukumwona?"

Ilikuwa hivyo hasa.

Wakaamua ni mambo ya maombi. Huyu ni wa nne, mchungaji wa kanisa lao la mabati. Aliniweka mbele akanishika kichwa akakitikisa hadi shingo ikalia. Kisha akasema niende nikatoe sadaka ya imani. Sanduku la sadaka la pale ni la mbao, lina tundu jembamba juu, na alikuwa amelilaza kiubavu, tundu limesimama wima. Mimi sikujua limesimama wala limelala. Nilisikia tu "nenda utoe", nikaenda, na mkono ukageuza sarafu wenyewe, ikaingia mara ya kwanza bila kugusa mbao. Ting.

Kanisa likalipuka. Muujiza! Akina mama wakapiga vigelegele, mtu akaanza kupiga ngoma. Mchungaji akanigeuza nitazame watu, akainua kitu juu.

"Mama! Waambie watu wa Mungu unaona nini mkononi mwangu!"

Nikaangalia. "Naona kitu cheusi."

Ngoma ikanyamaza.

"Kitu cheusi gani, mama? Angalia vizuri."

"Cheusi. Pengine ni mkoba. Pengine ni kiatu."

Ilikuwa Biblia. Nimeita Biblia kiatu mbele ya kanisa zima. Angeipeperusha kurasa kidogo tu ningeijua, lakini aliishika imara juu kama sanamu. Akaishusha polepole akawaambia watu kuna pepo wa kiburi ambaye hujificha machoni, na huyo hatoki kwa siku moja. Mke wa kaka yangu alitembea mbele yangu hadi nyumbani, hakunisubiri. Nilimfuata kwa mgongo wake unavyocheza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenielewa, daktari mwanamke kule hospitali kubwa ya serikali, siku nilipoenda kufuata dawa ya kichwa. Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Nikitazama televisheni naona nini? Nikamwambia mpira naona vizuri kuliko habari. Wachezaji wanakimbia, nawaona wote; yule msoma habari amekaa tu, simwoni. Akacheka, lakini vizuri. Akaniuliza kama nimewahi kupanga kwenye plot. Nikamwambia maisha yangu yote.

"Basi chukua kichwa chako ni plot," akasema. "Macho ni geti. Kila kitu kinapitia getini, lakini getini hakuna anayekaa. Vyumba viko huku nyuma." Akanigusa kisogo. "Kuna chumba kazi yake ni umbo: hiki ni kijiko, huyu ni dada yangu. Kuna kingine kazi yake ni mwendo: kitu kinakuja, kinaenda. Na kuna kingine kinaongea na mkono moja kwa moja, hakipiti kwako kukuuliza. Ile hewa ya makaa ilikata stima kwa chumba cha umbo, taa ikazima. Hivyo vingine stima iko."

"Na fundi wa stima?"

"Huyo hayuko, mama."

Nilimpenda kwa kutosema pole.

Nilifika nyumbani nikawaeleza neno kwa neno. Kwenye mdomo wa daktari lilikuwa jambo la maana. Kwenye mdomo wangu mimi niliyeishia darasa la sita likageuka kichekesho. "Ati ana plot kichwani," mke wa kaka yangu akawaambia majirani wakichota maji. "Na hajalipa stima!" Walicheka hadi mtungi ukafurika. Kaka yangu hakucheka, lakini pia hakusema kitu. Kunyamaza kwake nako nakuandika hapa.

Sasa wa tano, jirani wa meza.

Huyo alikuwa anauza sukuma wiki kando yangu Kisumu Ndogo. Tumekula pamoja, watoto wake nimewapokea kwa mikono hii. Nilipolazwa alikuja hospitalini, akaniambia, "Mama Omena, usijali, mimi nitakuangalizia meza." Akaiangalia kweli. Akahamisha sukuma yake akaweka omena. Nilipopata nguvu nikamtuma mtu, akasema nipone kwanza. Nikatuma tena, akasema mstari wote wa wauzaji umeamua mtu asiyeona hawezi kuuza omena, ataua watu na mawe yanayobaki ndani yake. Halafu mtu akamwambia nilidaka nyanya Kawangware. Hadithi hiyo ilishafika Kibera kabla yangu. Akageuza: sasa akasema mimi naona vizuri kabisa, nilikimbia kazi nipikiwe na kaka, kwa hivyo meza niliiacha kwa hiari.

Meza hiyo hiyo moja ninyimwe kwa kutoona, na ninyimwe tena kwa kuona.

Nikamwambia kaka yangu anipeleke. Tulienda siku ya kazi mchana, wakati biashara imelala kidogo. Wanawake wa mstari ule wana desturi yao: mtu akilalamikiwa, hakuna kwenda kwa chifu wala kwa mzee wa mtaa. Mwenyekiti wao anakuja, wanakuzunguka, unauza mbele yao, wanakutazama kazi yako, wanaamua hapo hapo. Nimewahi kukaa kwenye duara hilo nikiamua mwingine. Nilikuwa nafikiri ni haki.

Mwenyekiti wao ni mama mzito, sauti yake naijua kwa miaka. "Karibu, Mama Omena. Umekonda, yawa. Sisi hatuna vita na wewe. Uza tu tuone."

Wakaja wakasimama kunizunguka, nami nikawaona wote wakija, yule anayevuta kandambili, yule wa kutikisa mabega. Kisha wakasimama tuli kutazama, na nikabaki peke yangu ndani ya duara la leso za rangi.

"Kaka, uko wapi?" nikauliza.

"Niko hapa," sauti yake ikasema. Hapa wapi?

Jirani wa meza akaja mbele. Huyo hata akisimama miguu haitulii, kwa hivyo nilimwona muda wote, bahati mbaya. "Mteja anataka omena gorogoro moja," akasema. "Mpimie."

Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia tunaopimia. Wangu ulikuwa wa njano, nilijua kwa hiyo njano. Nikaangalia mezani: kulikuwa na kitu cha njano. Nikasema, "Gorogoro ndiyo hii."

Wakacheka. Alikuwa ameweka jagi la plastiki la njano, na gorogoro ameificha chini ya gunia.

"Hebu mwambieni atofautishe kisu na kijiko," mwingine akasema.

"Nipe nishike."

"Mteja hatangoja ushike! Angalia."

Vitu viwili vinang'aa. Nikachagua kimoja. Nilikosea, nilijua kwa kicheko. Nikahisi machozi, na machozi hayo niliyakataza, maana wangesema hata kulia naigiza.

Ndipo nikasema, "Nipeni ungo wangu."

"Ungo gani? Hizi ni za meza," jirani akasema.

"Wangu una waya wa bluu kwenye ukingo. Mume wangu aliushona."

Bluu niliiona pale kwenye rundo. Nikauvuta. Nikamwambia mwenyekiti amwage omena humo, na achanganye uchafu wowote anaotaka, mwenyewe kwa mkono wake. Akachota mchanga wa njiani, akatupa vijiti, vipande vya konokono vya ziwani, na sijui nini tena. Nikauangalia ungo umetulia: kitu cha fedha na kijivu, kama nguo chakavu. Hakuna samaki, hakuna jiwe. Sikuona kitu.

Nikaanza kupepeta.

Omena zikaruka, na zikiruka nikaziona, moja moja, samaki wadogo wenye vichwa na mikia, kama wamerudishiwa ziwa lao. Nyepesi zilichelewa kushuka. Jiwe liliruka kidogo likaanguka mapema, peke yake, zito. Kijiti kilizunguka. Gamba la konokono lilipinduka likitoa weupe. Kila kitu kilijitaja kwa mwendo wake. Mkono wangu mmoja ulikuwa unadaka uchafu na kuutupa, mwingine unarusha, na sikuwa nafikiria chochote. Sijui nilipepeta kwa muda gani. Nilipoacha, zikatulia, zikawa nguo chakavu tena.

Nikamsogezea mwenyekiti. Nikamsikia akichakura kwa vidole, akichakura tena. "Safi," akasema. "Kweli, hii ni safi."

Nikafikiri, nimeshinda. Nakwambia ukweli, nilifikiri nimerudi.

Halafu yule jirani akapiga kofi. "Si niliwaambia? Anaona! Mtu haoni jagi, anaona chembe ya mchanga? Huyu anatucheza, jamani!"

"Ni kweli," sauti nyingine ikasema. "Haiwezekani."

"Ama ni dawa," wa tatu akasema, chini chini.

Nikajaribu kuwaeleza vile daktari alivyonieleza, geti na vyumba. Nikiwa katikati nikasikia jinsi ninavyosikika, nikaachana nayo.

Mwenyekiti akakohoa. Yeye hakuwa mbaya, hilo nakiri, lakini naye namwandika. "Mama Omena," akasema, "mimi sijui kama unaona ama huoni. Hata hawa hawajui. Meza inataka mtu anayejulikana. Wewe utakaa nyuma upepete, unapepeta vizuri kutushinda. Mbele atakaa huyu. Mtasaidiana."

Nimpepetee huyo. Nyuma ya meza niliyoipigilia misumari.

"Asante," nikasema, "lakini ungo ni wangu." Nikaumwaga pale mezani, omena safi zote, nikauweka kwapani.

"Ungo unabaki!" jirani akasema, akija mbele akanyoosha mkono. Huo mkono niliuona ukija kama mchana. Nikausogeza ungo pembeni, akashika hewa, akaegemea meza ikaegama, na jagi lake la njano likaenda chini. Wengine wakacheka tena, safari hii hawakunicheka mimi.

Nikageuka niondoke, na sasa sikujua kaka yangu yuko upande gani. Watu wote wamesimama, rangi tu. Sikutaka kumwita mbele yao. Sikutaka wanione nikitafuta. Nikasimama hapo na ungo wangu.

Kisha upande wa kulia, juu ya zile leso, kitu kikaanza kupepea. Kofia. Kofia ya kahawia inapungwa huku na huku, na chini yake mkono, na chini ya mkono mtu, kaka yangu, amesimama mahali pamoja akijitingisha mwili mzima kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Watu walimtazama. Hakuacha. Alijitingisha hadi nikamfikia nikamshika koti.

"Umeniona?" akaniuliza.

"Nimekuona."

"Si ungesema tangu mwanzo ni hivyo!"

"Nimesema tangu hospitalini."

Tulitembea, yeye akitupa mguu wake mbele yangu, na nadhani alikuwa anautupa kuliko kawaida.

Meza sikuipata. Niandike wazi, kwa sababu kuna watu wanaopenda mambo yaishe vizuri. Yule jirani anauza hapo hadi leo. Keateka yuko, na korido yake. Mwenye nyumba ameongeza vyumba, vyote vimezibwa. Mke wa kaka yangu bado anasema naigiza, ingawa siku hizi akitaka nimwone anapiga hatua mbili, nasikia anavyosonya akizipiga. Na hii ninayoiandika siwezi kuisoma. Mkono unajua herufi, unaziteremsha. Nikiiangalia karatasi naona kama nzi wamekufa juu yake. Nikikosea, anayechapa arekebishe.

Nauza omena chini, juu ya gunia, hapa Kongo, karibu na mahali wanapouza makaa. Nacheka peke yangu kwa hilo. Gorogoro yangu nimeifunga kamba mkononi. Napepeta mbele ya mteja, hakuna jiwe linalonipita, hata wanaosema naigiza wananunua. Lakini wanafika, wanasimama mbele yangu wametulia, wanasubiri niwasalimie, kisha wanakasirika wanasema Mama Omena ana maringo. Sina maringo. Ukija kwangu, usinisimamie kama nguzo ya stima. Punga mkono, tikisa kichwa, cheza hata kama hujui. Songa kidogo, nikuone.